Sare ya Hisa

Nyumba ile ya Mushin, Lagos, ilikuwa na vyumba kumi na viwili. Sita huku, sita kule, milango ikitazamana, katikati ujia. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, mtu wa chumba cha kumi na mbili atakuambia pole. Ukikaanga samaki, watoto wa watu watakuja kukusalimu kwa adabu ambayo jana hawakuwa nayo.

Chumba cha nne alikaa Abeke na mumewe, Lasisi. Abeke watu walimwita Mama Morili, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za sherehe, na Lagos ni mji usiokosa sababu ya kupika wali. Harusi, maziko ya mzee, mtoto kapewa jina. Chama kikichagua kitambaa, kila mwanachama atanunua kitambaa hicho hicho na kukishona. Ole wako uje bila sare. Sahani itakufikia imepoa, kama itakufikia.

Saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, Lasisi aliweka redio dirishani. Ndiyo saa waliyosoma bei za hisa. Mwanzoni mwa mwaka uliopita, saa hiyo nyumba nzima ilikuja. Hata wasiokuwa na hisa moja walikuja, kufuata kelele.

"Benki ya Irawo wamesoma?"

"Bado. Nyamaza tusikie!"

"Naira thelathini na moja!"

"Weee! Mama Morili! Mwaka huu tunataka mbuzi!"

Sasa ilikuwa Januari nyingine, mwaka elfu mbili na tisa. Redio ilisoma na hakuna aliyekuja. Lasisi alikaa juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti.

"Benki ya Irawo," redio ilisema, "naira saba na kobo kumi na tatu."

Watu wa chumba cha sita wakaongeza sauti ya muziki wao. Ilikuwa heshima. Ndivyo watu wa nyumba moja wanavyofanya wakisikia mtu analia bafuni.

"Jana ilikuwa saba na ishirini," Lasisi alisema.

"Nimesikia, Baba Morili."

"Juzi saba na ishirini na saba."

"Nimesikia!"

Lasisi alizima redio. Alikuwa mzee wa reli. Miaka thelathini na miwili alisimama kando ya njia akipeperusha bendera, nyekundu na kijani. Katika zamu zake hakuna treni iliyomgonga mtu.

"Treni zote zile nimeziona zikija," alisema. "Hii moja sikuiona."

Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na karatasi mpya. Mwenye nyumba alikuwa ameuza. Wapangaji wote watoke kabla ya mwisho wa Machi. Na mwisho wa Machi ndipo mvua inapoanza.

Wao walikuwa na nyumba. Ndilo lililouma. Kule Sango, nje ya mji, walikuwa na kuta za vyumba vitano, zimesimama wima, zimepakwa hata chokaa kidogo upande wa barabarani. Hazikuwa na paa. Kila Jumamosi Lasisi alikwenda kufyeka majani yaliyoota sebuleni. Fedha za mabati ndizo zilizokuwa katika Benki ya Irawo.

*

Mambo yalianza na Alhaja Risikatu.

Alhaja alikuwa mwenyekiti wa chama chao cha akina mama ishirini na wanne. Aliuza vitambaa vya lesi sokoni. Alikuwa mnene, mcheshi, na sauti yake ilitangulia kuingia kabla yake. Miaka miwili nyuma alikuja kwenye kikao na rundo la fomu.

"Akina mama," alisema, "mwaka huu sare yetu si kitambaa peke yake. Mwaka huu sare yetu ni hisa. Sote Irawo!"

Wakapiga vigelegele. Wakanunua. Aliyekuwa hana, aliazima, kama wanavyoazima kwa ajili ya kitambaa. Nani alitaka kuwa yule mmoja ambaye hana?

Lasisi alikuwa ndiyo kwanza amepokea kiinua mgongo chake, naira laki mbili. Abeke naye alikuwa na elfu themanini alizozificha ndani ya mfuko wa vifungo. Mabati yalikuwa yameshaulizwa bei.

"Mabati hayazai, Mama Morili," Alhaja alimwambia. "Hisa zinazaa. Subiri mwaka mmoja, utaezeka nyumba kwa vigae. Majirani watakuchukia."

Walinunua hisa elfu ishirini, kila moja naira kumi na nne.

Na kweli zikapanda. Benki ikawaita wanahisa kwenye mkutano mkuu, ukumbi una baridi kama friji. Wakubwa walisema maneno marefu. Akina mama hawakuyasikiliza sana, walikuwa wakitazama mlango wa jikoni. Mwisho kila mtu alipewa boksi la wali na kuku, na mwavuli mkubwa wa buluu wenye nyota nyeupe, alama ya Irawo. Abeke alirudi Mushin ameufungua mwavuli ule ingawa jua lilikuwa linawaka.

Bei ilipofika thelathini na moja, moyo wake ulimwambia, uza. Akamwendea Alhaja.

"Uuze?" Alhaja alishika kiuno. "Mtu anavua sare katikati ya sherehe? Watu watasema nini?"

Abeke akaona haya. Hakuuza. Bei ikashuka hadi ishirini na tano. Wakasema, itarudi baada ya mfungo. Ikafika kumi na nane. Wakasema, itarudi kabla ya Krismasi. Ikafika kumi na mbili, na watu wakaacha kusema.

*

Jumapili ile ya Januari, chama kilikutana nyumbani kwa Alhaja. Wali ulikuwa mchache. Kuku alikuwa amekatwa vipande vidogo mpaka ukajiuliza kama ni yule yule.

Zamu ya upatu ilikuwa ya Abeke. Wanawake ishirini na wanne, kila mmoja naira elfu tano. Laki moja na ishirini. Alikuwa ameingoja zamu hiyo kama mgonjwa anavyongoja kukuche.

Alhaja alisimama.

"Mimi nauza lesi," alisema. "Lesi ikishuka bei Januari, mjinga anakimbia, mwenye akili ananunua. Desemba itapanda. Irawo sasa ni saba. Saba! Ndiyo bei ya kuokota. Nimeamua upatu wote wa mwaka huu tununue Irawo. Tuanze na wa Mama Morili, apate kurudisha kilichopotea."

Wanawake wakapiga makofi, lakini si yale ya zamani. Yalikuwa makofi ya mtu anayepita makaburini na kupiga mluzi.

"Mama Morili, mbona kimya?"

"Nitazungumza na Baba Morili," Abeke alisema.

"Zungumza. Lakini Jumapili ijayo nataka jibu. Na jibu lenyewe nalijua."

Usiku ule Abeke hakulala. Kama akitia upatu kwenye hisa na bei ikapanda, paa lote litarudi. Na kama isipopanda? Machi mwisho watakwenda wapi? Alijaribu kuona mahali. Hakuona. Maji yalikuwa yamezidi unga.

*

Getini pa nyumba ile, kila asubuhi, msichana mmoja alikaanga akara, bajia za kunde. Jina lake Simisola, chumba cha tisa. Mpaka Novemba alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa hisa, kule mjini kwenye maghorofa. Alitoka asubuhi na viatu vya kisigino, ko-ko-ko-ko, ujia mzima ukajua Simi anakwenda kazini. Ofisi ikafunga. Viatu vilikuwa chini ya kitanda.

Watu hawakumwacha apumue.

"Madamu Soko la Hisa! Leo akara zimepanda au zimeshuka?"

"Zimepanda kutoka kwenye mafuta," Simi alijibu, "zitashuka tumboni mwako. Leta hela kwanza."

Abeke alingoja wateja wapungue. Simi akapiga goti kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simi, niambie kweli. Irawo itapanda?"

"Sijui, mama."

"Wewe umesoma chuo kikuu!"

"Nimesoma, na sijui. Na yeyote atakayekwambia anajua, shika mkoba wako vizuri."

Abeke alikaa kwenye benchi. "Basi niambie hili tu. Fedha zetu zimekwenda wapi? Nani kazichukua? Hisa zilifika naira thelathini na moja. Leo ni saba. Ile tofauti iko kwa nani?"

Simi aligeuza akara zake kwanza.

"Ulinunua kwa kumi na nne. Hiyo ilikuwa fedha, uliitoa mfukoni. Thelathini na moja haikuwa fedha, mama. Ilikuwa kauli ya watu. Ingekuwa fedha siku ile kama ungeuza."

"Sikuuza."

"Wengi hatukuuza. Tazama karai hili. Tuseme biashara yangu ya akara naigawa vipande mia. Wewe unanunua kimoja. Nikipata faida, nawe unapata kidogo. Hilo ndilo gawio. Nikianguka, unaanguka nami. Hicho kipande ndicho hisa. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa mtaa unapiga kelele, 'Akara za Simi! Akara za Simi!' Jirani ananunua kipande chako kwa bei mara mbili. Mwingine kwa mara nne. Akara zimeongezeka?"

"Hazijaongezeka. Karai ni hilo hilo."

"Kunde ni zile zile. Kilichopanda ni kelele. Siku kelele ikinyamaza, bei inatafuta lilipo karai."

Abeke aliguna. "Lakini kwa nini inyamaze? Jana vigelegele, leo msiba. Tulimkosea nani?"

"Hamkumkosea mtu. Ng'ambo benki kubwa zimeanguka. Wageni waliokuwa wamenunua hisa hapa kwetu wakauza, wakarudisha fedha kwao kuzima moto wao. Hapa watu wengi walikuwa wamenunua kwa mkopo. Bei ilipoanza kuteleza, waliowakopesha wakadai. Wakauza kwa lazima, usiku na mchana. Wauzaji elfu, mnunuzi mmoja. Na mafuta ya ardhini nayo yakashuka bei." Simi akajipangusa mikono. "Mama, daftari lako la vipimo liko wapi?"

"La vipimo? La nini?"

"Nenda kalete."

Abeke alileta. Lilikuwa daftari nene, limejaa viuno na vifua vya mtaa mzima. Simi alifungua ukurasa kwa kidole cha mwisho, asitie mafuta.

"Novemba ya mwaka juzi. Maziko ya yule mama wa mkandarasi. Ulishona sare ngapi?"

"Sitini na moja. Nilivimba miguu."

"Novemba iliyopita wamefanya kumbukumbu yake. Ngapi?"

"Tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Mkandarasi alisema kajenga barabara, serikali haijamlipa."

"Serikali haijamlipa kwa nini?"

Abeke alichukua akara moja.

"Kwa sababu inategemea mafuta ya ardhini. Katikati ya mwaka jana pipa moja liliuzwa zaidi ya dola mia na arobaini. Leo halifiki hamsini. Serikali ikikosa, mkandarasi anakosa. Mkandarasi akikosa, sare sitini zinakuwa tisa. Sasa niambie, barabara ile aliijenga kwa fedha za nani, kama serikali haikumlipa?"

"Alikopa benki. Si alijisifu hapa hapa getini."

"Benki gani?"

Abeke alikuwa ameshika akara. Akairudisha polepole kwenye karatasi.

"Irawo," alisema.

Mafuta yalichemka.

"Basi mimi nilikuwa najua," Abeke alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu Septemba nilikuwa nashona nusu. Kila fundi wa Mushin alilalamika. Nami jioni nakaa redioni nangoja hisa zipande."

"Cherehani yako ilijua kabla ya redio, mama. Lakini hakuna aliyetufundisha kuiuliza."

"Na wewe je? Wewe ulikuwa ofisini kwenyewe."

Simi aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Mimi nilinunua kwa mkopo," alisema. "Hesabu nilizijua zote. Lakini kila mtu ofisini alikuwa ananunua, na mimi nikaona haya kuwa yule mmoja. Mpaka leo nalipa, na hisa zenyewe zilishauzwa. Ndiyo maana naweza kukwambia. Anayekuonyesha shimo ni yule aliyemo ndani."

Abeke akamweleza habari ya upatu na lesi ya Januari.

"Lesi ikishuka bei bado ni lesi," Simi alisema. "Utaikunja, utaivaa mwakani. Benki iliyowakopesha watu wasioweza kulipa si ile uliyonunua. Kabla hujasema kitu kimekuwa rahisi, uliza kama bado ni kitu kile kile. Halafu jiulize: fedha hizi unazihitaji lini?"

"Kabla ya mvua."

"Basi si fedha za hisa. Fedha za hisa ni zile unazoweza kuziacha miaka mitano, ukazisahau, na siku ukisikia zimepotea, ukalia lakini ukala. Tena usizitie zote mahali pamoja. Huwezi kushona nguo zote za maisha yako kwa kitambaa kimoja."

"Sisi tulishona hivyo hasa," Abeke alisema.

*

Lasisi alisikiliza yote. Kisha akageukia ukuta.

"Uza," alisema. "Hapana, usiuze. Tukiuza kwa saba, tumekubali kwamba tulikuwa wajinga."

"Tulikuwa wajinga, Baba Morili. Hiyo imekwisha kutokea, tuuze tusiuze. Swali ni Machi tutalala wapi."

"Kiinua mgongo changu..."

"Najua."

"Miaka thelathini na miwili, Abeke. Juani."

Hakumwita Mama Morili. Alimwita kwa jina lake, kama siku za uchumba. Abeke alikaa karibu naye. Mwishowe walikubaliana kuuza nusu. Nusu nyingine Lasisi alikataa kuiachia, na Abeke hakumlazimisha. Kuna mtu humwondolei kitu mkononi vidole vikiwa vimeganda.

Jumapili ilipofika, Abeke alisimama kwenye kikao.

"Nataka upatu wangu mkononi," alisema. "Sinunui hisa. Naezeka."

Alhaja aliweka chini sahani yake.

"Unavua sare?" Alhaja aliuliza.

"Ndiyo, Alhaja. Mtoe upatu kwa kila mtu kama tulivyokubaliana tangu mwanzo. Anayetaka hisa akanunue kwa hiari yake, na si kwa fedha ya chakula."

"Mwacheni," mmoja alisema nyuma. "Masikini akipata, matako hulia mbwata."

Wengine walicheka. Alhaja alimhesabia fedha zake bila kumtazama. Juma lile wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao, wakasema wamepata fundi mwingine, karibu zaidi. Mmoja wao alikaa chumba cha tano, mlango wa pili.

Simi alimpeleka Abeke kwa wakala mwingine wa hisa, akajaza fomu ya kuuza. Abeke alidhani watarudi na fedha siku ile ile.

"Haiendi hivyo," Simi alisema. "Kuna kipimo. Kwa siku bei inaruhusiwa kushuka kidogo tu. Sasa anayetaka kununua anasema, kwa nini ninunue leo? Kesho itashuka tena. Na kesho anasema hivyo hivyo. Wauzaji tumepanga foleni, mlango umefungwa."

"Foleni ya kuingia naijua," Abeke alisema. "Ya kutoka ndiyo naiona leo."

Walingoja wiki sita. Kila jioni redio ilisoma, na kila jioni ilikuwa kobo chache chini ya jana. Ilikuwa kama kumtazama mtu akizama kwenye maji yasiyo na haraka. Lasisi alikonda. Alikwenda Sango hata siku ambazo si Jumamosi, akakaa sebuleni kwao, juu ya tofali, chini ya anga. Majani hakuyafyeka tena.

Katikati ya Machi hisa zikauzwa, kwa naira tano na kobo thelathini. Hisa elfu kumi walizozinunua laki moja na arobaini zikawapa elfu hamsini na tatu, kabla ya ada ya wakala. Abeke alizipokea kwa mikono miwili. Ndani ya ofisi hakulia. Alilia kwenye ngazi.

*

Fedha ya upatu na fedha ya hisa, zote pamoja, zilitosha vyumba viwili. Seremala aliwauliza ni vyumba vipi. Lasisi akachagua cha barabarani, kwa ajili ya cherehani, na cha nyuma, kwa ajili ya kulala. Katikati sebule ilibaki wazi.

Walihama tarehe ishirini na tisa. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe mbili Aprili, jioni, kwa kishindo. Abeke na Lasisi walisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala, chini ya mabati yao, miguu mikavu. Mbele yao mvua ilikuwa inanyesha ndani ya sebule yao wenyewe, mahali walipopanga kuweka viti.

"Haivuji," Lasisi alisema, akitazama juu. Ndilo neno la kwanza alilosema siku ile.

"Haivuji, Baba Morili."

Mwezi wa nane redio ikatangaza kwamba wakubwa wa Benki ya Irawo wameondolewa. Mikopo mingi iliyotolewa haitalipwa. Hisa haikufika hata naira mbili. Lasisi alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na hati ya zile hisa elfu kumi zilizobaki ndani ya sanduku chini ya kitanda. Halafu akapeleka redio kwenye chumba cha cherehani, wateja wasikilize muziki. Saa kumi na moja hakuifungulia tena.

Wateja walianza kuja, wachache, watu wa Sango. Sare za shule zaidi kuliko za sherehe. Abeke alichora mstari katika daftari la vipimo, kila mwezi mstari wake, akawa anautazama. Mstari wa sare ukifupika, alipunguza matumizi. Kila naira ya mabati mengine aliiweka kando, nayo haikwenda popote penye kelele. Simi alikuja Jumapili na karai lake, akawakalisha majirani wawili watatu na kuwaeleza habari ya hisa na upatu na mikopo, nao wakila akara bila kuzilipia zote.

Siku moja ya Septemba, mvua ikinyesha, mtu alibisha hodi. Alikuwa ameingia kabla Abeke hajamtambua. Safari hii sauti haikutangulia.

"Alhaja!"

"Ni mimi." Maji yalimtiririka usoni. Alikuwa na nguo ndani ya mfuko wa nailoni, lesi ya kijani, ile nzuri. "Nipunguzie hii. Inanivuka."

Abeke alichukua utepe. Alimpima kifua, akampima kiuno, kisha akampima kiuno tena, akidhani amekosea. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa zamani wa Alhaja. Inchi arobaini na nane. Akaandika pembeni yake, arobaini na moja. Fundi huona mengi, na akiyasema yote hatapata mteja.

"Duka nimeliachia," Alhaja alisema. "Nilikuwa nimekopa juu yake. Wale kumi na moja walionipa upatu wao ninunue Irawo, kila siku wanapita mlangoni kwangu. Hawanitukani. Wangenitukana ningepata nafuu."

"Kaa, Alhaja."

"Siku ile kikaoni nilikuita aliyevua sare."

"Kaa kwanza. Unatetemeka."

Alhaja alikaa. Alitazama mabati, akatazama ukuta mkavu, akatazama cherehani.

"Yule msichana wa akara," alisema, "anaweza kuja kwenye chama? Tumebaki kumi na sita. Wanaogopa kila kitu sasa, hata upatu. Waje waelezwe na mtu. Mimi nikiwaeleza hawatanisikia, na wana haki."

"Atakuja. Lakini atawaambia hajui."

"Bora," Alhaja alisema. "Mimi nilijua."

Lasisi alikuwa chumba cha nyuma anachemsha chai. Walimsikia akivuka sebule, maji yakipiga chwa, chwa, chini ya miguu yake. Akatokea mlangoni na birika mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika mwavuli mkubwa wa buluu wenye nyota nyeupe.

Alhaja aliutazama mwavuli ule muda mrefu.

"Ninao kama huo," alisema. "Miwili. Siku ile ya mkutano nilijipanga foleni mara mbili."

"Tulikuona," Abeke alisema.

Hapo wakacheka, wote watatu, na kicheko cha Alhaja kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Abeke alimshika bega mpaka kikatulia. Nje mvua haikuwa na nia ya kupungua, na viti vya kukalia pamoja vilikuwa kule nyuma.

Lasisi aliinua mwavuli, akamwachia nafasi chini yake.

"Ingia, Alhaja, tuvuke," alisema. "Hili ndilo gawio letu."